Macho Mekundu

Ndugu msomaji, ukitoka Shinyanga mjini kwa barabara ya Mwanza, ukifika Kolandoto unakata kulia. Njia hiyo inakupeleka Mhunze, makao makuu ya Wilaya ya Kishapu, na ukikaza mwendo utatokea Lalago, halafu Mwanhuzi kule Meatu. Kiangazi ni vumbi tupu. Masika udongo mweusi wa mbugani unashika gurudumu kama gundi, na abiria wote mnashuka kusukuma. Huko ndiko nilikozaliwa. Washikaji zangu wa mjini wakisikia nimetoka Shinyanga wanataja vitu vitatu: almasi, ng'ombe, na vikongwe waliokatwa mapanga. Wanacheka. Na mimi nilikuwa nacheka nao. Leo sitaki kucheka, nataka tuzungumze.

Tuanze na almasi, maana ndizo zilizotuletea waandishi wa habari. Mwadui iko wilayani kwetu. Mgodi wake ulianza mwaka 1940, alipoyagundua mawe hayo John Williamson, mjiolojia kutoka Kanada. Tarehe 7 Novemba 2022 ukuta wa bwawa la tope la mgodi huo ulipasuka. Maji na tope vilivamia mashamba na nyumba za watu wa vijiji jirani vya Ng'wang'holo na Nyenze. Kwa bahati hakuna aliyeripotiwa kufa. Viongozi walifika, kamera zilifika, wataalamu walifika na daftari zao, na habari zikasomwa hadi London. Hayo ndiyo maafa tunayoyafahamu: yana saa, yana tarehe, yana picha.

Lakini kuna maafa mengine yasiyo na saa. Mvua inakatika Januari. Mahindi yananyauka Februari. Ng'ombe wanaanza kukonda, bei ya debe inapanda, baba anakwenda mjini kutafuta kibarua na harudi. Halafu usiku mmoja wa Julai, mbwa wanabweka nyumbani kwa mjane mmoja mwisho wa kijiji. Asubuhi watu wanasimama mbali, mikono nyuma. Hakuna mwenye daftari atakayeandika kwamba mama yule ameuawa na ukame. Wataandika "imani za kishirikina", na faili litafungwa.

Swali langu ni hili: ameuawa na nini hasa?

Kuna mtu mmoja alilishika swali hili kitaalamu. Anaitwa Edward Miguel, mchumi wa Chuo Kikuu cha California kule Berkeley. Mwaka 2005 alichapisha utafiti kuhusu umaskini na mauaji ya wanaoitwa wachawi, na hakuufanyia mbali: ni Meatu, majirani zetu kabisa, wakati huo wilaya hiyo ikiwa bado ndani ya Mkoa wa Shinyanga. Yeye na wenzake walikwenda katika vijiji 67 wakakusanya habari za miaka 11, tangu 1992 hadi 2002. Waliuliza mvua ilikuwaje kila mwaka, na nani aliuawa mwaka gani. Kisha wakaziweka habari hizo mbili pamoja.

Walichokiona kinatisha kwa jinsi kilivyo rahisi kukieleza. Miaka ambayo mvua iliharibika, ama kwa ukame ama kwa mafuriko, mauaji ya watu walioshukiwa uchawi yaliongezeka mara mbili. Mara mbili, ndugu yangu! Mauaji ya aina nyingine, ya ulevi, ya wizi, ya ugomvi, hayakupanda namna hiyo. Karibu wote waliouawa kwa tuhuma za uchawi walikuwa wanawake, wengi wao wazee, na kaya zao zilikuwa maskini kuliko za wenzao. Mara nyingi aliyewaua ni ndugu wa damu.

Kuna jambo jingine ndani ya utafiti ule. Bibi mchawi anasemekana kuleta maradhi. Kwa hiyo mtu angetegemea kwamba kijiji kikipigwa na ugonjwa wa mlipuko, hapo ndipo mapanga yatakaponolewa. Haikuonekana hivyo. Miaka ya magonjwa haikuonyesha ongezeko kama lile la miaka ya mvua mbaya. Maana yake chakula kikipungua ndani ya nyumba, ndipo hesabu ya vinywa inapoanza. Kinywa cha mtoto kina kesho yake. Kinywa cha bibi, wanasema, kimeshakula vya kutosha. Lakini nani atasimama mbele za watu aseme maneno hayo? Hakuna. Linatafutwa neno jingine la kuyasemea, na neno hilo ni uchawi.

Sitaki nikudanganye kwamba njaa ndiyo sababu peke yake. Wapo wanaosema ni mashamba: mjane ana ekari zake, wapwa wanazitamani. Wapo wanaosema ni waganga, wanaopiga ramli wakamtaja mtu. Yote hayo yapo. Lakini shamba la mjane lilikuwapo na mwaka wa neema, na mganga alikuwapo pia. Kwa nini mwaka wa kiangazi ndipo neno la mganga linapopata miguu?

Hapo ndipo historia inapotakiwa kuingia.

Zamani za watemi, mvua ilikuwa na mwenyewe. Mtemi wa Kisukuma alikuwa zaidi ya mwamuzi wa kesi. Mvua ilikuwa mzigo wake. Ikinyesha vizuri alisifiwa, ikikataa mwaka hadi mwaka aliweza kuondolewa kitini. Watu walimpelekea nafaka ya kodi, na sehemu ya nafaka hiyo iliwekwa kwenye vihenge vya ikulu kungojea siku ya njaa. Ndiyo, neno ikulu tunaloliandika magazetini kila siku lilikuwa la makazi ya mtemi kabla halijahamia Magogoni na Chamwino. Sisemi zile zilikuwa siku za peponi. Watemi walikuwamo wabaya na wazuri, na hata enzi hizo walioshukiwa uchawi walifukuzwa na kuuawa. Nasema tu kwamba mvua ilipokosekana, kulikuwa na mkubwa mmoja wa kuulizwa. Baadaye mkoloni akamfanya mtemi kuwa mkusanya kodi wake, na mwaka 1963 serikali huru ikaufuta utemi. Swali la "mvua iko wapi?" halikufutwa. Lilibaki linazunguka kijijini likitafuta wa kulijibu, na huwa linamwangukia asiye na mtetezi.

Nyumbani kwenyewe akina mama walikuwa na maandalizi yao. Viazi vilikatwa vikaanikwa vikawa michembe, au vikachemshwa kwanza ndipo vikaanikwa, yakawa matobolwa. Mtama ulipandwa kwa sababu unastahimili jua. Na wafugaji walikuwa na ngitili: kipande cha malisho kinachofungwa masika, ng'ombe wasiingie, ili majani yabaki kwa ajili ya kiangazi. Tazama akili hiyo. Siku hizi kuna semina hotelini za "kujiandaa na majanga", na posho juu. Ngitili haikuwa na posho, lakini ndiyo semina yenyewe.

Halafu miti ikaondoka. Miaka ya 1920 serikali ya Waingereza ilitangaza vita na mbung'o, nzi anayeleta malale kwa watu na nagana kwa ng'ombe. Kituo kikubwa cha utafiti wa mbung'o kilijengwa Shinyanga chini ya mtaalamu aliyeitwa Swynnerton. Mbung'o anapenda kivuli cha pori, kwa hiyo dawa ikawa ni kuliondoa pori. Watu walipelekwa kwa maelfu na mashoka, wakafyeka. Mbung'o wakapungua, ng'ombe wakaongezeka, na watu wakahamia maeneo mapya. Likafuata zao la pamba, nalo likataka ardhi. Kila ekari ya pamba ni ekari iliyokuwa na mti. Ilipofika miaka ya 1980, watu walikuwa wanaiita Shinyanga jangwa.

Sasa twende jikoni, ndugu msomaji, maana kisa chetu kimo humo. Kuni hakuna. Mama anapikia nini? Anapikia mabua ya pamba na mavi makavu ya ng'ombe. Kijumba cha kupikia hakina dirisha. Moshi wa mavi ya ng'ombe unawasha, mzito, hauna pa kutokea. Mwanamke anakaa mbele ya moshi huo tangu ana miaka saba hadi sabini. Macho yake yatakuwaje?

Yatakuwa mekundu.

Na kijijini kila mtu anajua kwamba mwenye macho mekundu ni mchawi.

Umeona njia ilivyopita? Shoka la mwaka 1925 limeondoa mti. Mti umeondoka na kuni. Kuni zimeacha nafasi kwa mavi ya ng'ombe, mavi yametoa moshi, moshi umetia wekundu, na wekundu umeleta panga. Haikupangwa na mtu. Hakuna aliyekaa ofisini Shinyanga akasema "tukifyeka hili pori, baada ya miaka hamsini watauawa bibi". Lakini ndivyo maafa yanavyojengwa: kila fundi anaweka tofali lake anaondoka, na nyumba inamwangukia mwingine kabisa.

Mwaka 1974 likaongezwa tofali jingine. Wasukuma tulikuwa tunaishi mbali mbali, kila mji na mashamba yake. Ukigombana na jirani, au ukianza kunong'onwa, ulifungasha vyombo ukaenda kuanza upya mahali pengine. Operesheni ya vijiji ikatukusanya tukae mstari mmoja, ukuta kwa ukuta, na wabaya wetu. Shule zilikuja, zahanati zilikuja, sikatai. Lakini mlango wa kuondokea kwa amani ulifungwa. Msomi wetu Simeon Mesaki, aliyeyachunguza mauaji haya kwa miaka mingi, ameeleza jinsi maisha hayo ya kubanana yalivyochochea tuhuma. Takwimu za serikali alizozichambua zinaonyesha kwamba kati ya 1970 na 1984 watu zaidi ya 3,600 waliuawa nchini kwa tuhuma za uchawi. Wengi walikuwa wanawake, na sehemu kubwa ya mauaji ilikuwa Usukumani. Mwaka 1982 sungusungu walipoanza upande wa Kahama na Shinyanga kupambana na wezi wa ng'ombe, wapo waliowafukuzia na walioitwa wachawi. Na sheria? Sheria ya Uchawi ipo tangu 1928. Inaadhibu uchawi. Macho mekundu haiyasemi.

Sasa nikwambie kwa nini nayaandika haya, na kwa nini sikuweza kuendelea kucheka.

Bibi yangu mzaa baba alikuwa na macho mekundu. Mwaka 2006, baada ya ule ukame mkali uliofanya hata Dar es Salaam ikae gizani kwa kukosa maji ya kuzungusha mitambo ya umeme, nyumbani tulikuwa tunakula mara moja. Nilikuwa na miaka tisa. Ndama wetu wawili walikufa wiki moja. Siku ya tatu baada ya ndama wa pili, tulikuta karatasi imebanwa mlangoni kwa bibi. Ilikuwa imechanwa kutoka daftari la shule, lenye mistari. Mimi ndiye niliyekuwa najua kusoma vizuri, kwa hiyo niliitwa niisome. Iliandikwa kwamba aondoke kabla mwezi haujaandama, la sivyo asilaumu mtu.

Nilisoma kwa sauti. Bibi alikuwa anapepeta mtama, hakusimama. Aliuliza swali moja tu: "Mjukuu wangu, mwandiko huo unaufahamu?"

Nilisema hapana.

Nilikuwa naufahamu. Ile herufi g yenye mkia mrefu nilikuwa naiona kila siku darasani, dawati la mbele yangu. Mwandikaji alikuwa binamu yangu, mkubwa kwangu kwa miaka miwili, na sikuamini kwamba maneno yale aliyatunga mwenyewe. Mtu mzima alikaa naye akamtamkia, yeye akaandika kama imla. Sikusema kwa sababu niliogopa. Na sababu ya pili, ambayo ni mbaya zaidi, ni kwamba usiku ule nilipomtazama bibi kando ya moto, macho yale yakimeremeta, na mimi niliwaza: je, kama ni kweli?

Baba mdogo alikuja na baiskeli siku ya nne, akamchukua alfajiri hadi barabarani, wakapanda gari la Shinyanga mjini. Hapo kwa baba mdogo walikuwa wanapikia mkaa, nje, uwanjani. Baada ya miezi michache tulikwenda kumsalimia. Nilimwamkia, "Mwangaluka, bibi," akainua uso. Macho yalikuwa meupe. Hayakuwa meupe kama ya mtoto, lakini wekundu ulikuwa umekwenda. Nilisimama pale mlangoni nimeshikilia kuku tuliyempelekea, nikashindwa hata kumtua chini. Uchawi wote uliokuwa tayari kummaliza bibi yangu uliondolewa na gunia la mkaa.

Alikufa kwa uzee, 2014, kitandani. Wengine hawakuwa na baba mdogo mwenye baiskeli.

Naam, yapo yaliyofanywa, na ni haki yatajwe. Mwaka 1986 ulianza mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI kwa kifupi. Mwanzoni walileta miche ya kupanda. Baadaye wakafanya jambo la busara: wakawauliza wazee walikuwa wanafanyaje zamani. Jibu likawa ngitili. Wakati mradi unaanza ngitili zilizokuwa zinajulikana zilikuwa kama hekta 600 tu. Hadi mradi ulipokwisha mwaka 2004 zilikuwa zimefufuka hekta zaidi ya 300,000. Mwaka 2002 mradi ulipata Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa. Safari ya kuni ilifupika kwa akina mama wengi. Nani amehesabu macho mangapi yalipona kwa miti hiyo? Lakini ngitili nazo si za wote. Mwenye ng'ombe wengi ana ngitili kubwa, mjane asiye na ng'ombe anaomba ruhusa ya kuokota vijiti.

Kule Magu shirika la wenyeji liitwalo Maperece, likisaidiwa na HelpAge International, lilikwenda moja kwa moja kwenye kiini cha kisa: lilisaidia wazee kujenga majiko yasiyo na moshi, kukarabati nyumba, na kukaa na viongozi wa vijiji na waganga kuzungumza. Jiko tu! Utasema ni jambo dogo. Kwa mwenye macho yale, jiko ni ngao.

Na ipo dawa ya tatu, ambayo Miguel aliitaja mwishoni mwa utafiti wake: pensheni. Katika jimbo la Limpopo kule Afrika Kusini, mauaji ya namna hii yalipungua baada ya wazee weusi kuanza kupata pensheni kamili miaka ya mwanzo ya 1990. Bibi mwenye pensheni si mzigo tena. Mwaka wa kiangazi ndiye mwenye fedha ya unga, na familia nzima inamwombea maisha marefu. Hapa kwetu, Nshamba wilayani Muleba, mradi wa Kwa Wazee ulianza kuwapa wazee fedha kidogo kila mwezi tangu miaka ya mwanzo ya 2000. Bibi wa kule walizinunulia chumvi, sabuni, na viatu vya shule vya wajukuu. Zanzibar ilianza Aprili 2016 kumlipa kila mzee wa miaka 70 na zaidi shilingi 20,000 kwa mwezi, na baadaye kiwango kikapandishwa. Bara tunao TASAF kwa kaya maskini, na Sera ya Taifa ya Wazee tangu 2003. Pensheni ya kila mzee bado tunaingojea.

Angalia majina ya sheria zetu pia. Ile ya 1990 ilihusu uratibu wa misaada ya maafa: yaani maafa yaje kwanza, kisha tugawe unga na mablanketi. Zile za 2015 na 2022 zinasema usimamizi wa maafa, na humo kinga imo na maandalizi yamo. Ni hatua. Lakini kama maandalizi ni magunia yaliyo ghalani tu, bado bibi yuko peke yake mwisho wa kijiji. Mvua ikichelewa mwaka huu, kamati ya maafa ya kijiji iwe na orodha ya pili kando ya ile ya magunia: wajane wanaoishi peke yao, kila mmoja kwa jina, na mtu wa kulala karibu naye.

Tunaojifunza kuandika tunapenda kuandika mapenzi na mji, na si vibaya. Mimi mwenyewe nina daftari zima la mashairi ya Posta na Kariakoo, mengine aibu tupu. Ila siku ukienda likizo kijijini, ingia jikoni. Kaa na bibi dakika kumi kwenye moshi ule, uone kama utaweza kukaa hadi ya kumi na moja. Muulize alikuwa anaweka nini miaka ya njaa, na nani alikufa mwaka gani. Andika tarehe. Daftari za serikali hazina tarehe hizo.

Mimi ile karatasi nilikuwa nayo hadi niko kidato cha pili. Niliikunja ndani ya kitabu cha hesabu, halafu nyumba tuliyopanga ilivuja, ikalowa. Binamu yangu sasa ni mchimbaji mdogo upande wa Geita, ana watoto wanne. Tunasalimiana vizuri kwa simu. Mwaka juzi, mvua ilipokuwa mbaya, alinipigia akasema anamtumia mama yake fedha ya mkaa kila mwezi, mama asipikie mavi ya ng'ombe. Hakusema kwa nini. Nami sikumuuliza.